Mafuta ya Breki Yakipungua, Usikimbilie Chupa

Hotuba kwa madereva wa teksi na wenye magari ya haibridi, Ngamiani, Tanga

Assalamu alaykum. Wazee wangu, shikamooni. Madereva, poleni na kazi. Na nyie mafundi mlioacha gereji mchana huu, ahsanteni sana, maana najua hivi tunavyozungumza kuna mtu anawapigia simu kuuliza gari lake limefikia wapi.

Nimeitwa nizungumzie mafuta ya breki kwenye gari la haibridi, lile lenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja: namna ya kuyapima na namna ya kuyaongeza. Mwenyekiti wenu aliponipigia alishangaa nilipoomba muda mrefu. "Si kufungua mfuniko na kumimina tu?" Nikamwambia kumimina ni kazi ya mtoto. Kazi ya mtu mzima ni kujua kama kweli panatakiwa kumiminwa.

Mafuta ya injini yanaweza kuungua kidogo kidogo, ukaongeza nusu lita ukaendelea na safari. Mafuta ya breki hayaungui wala hayaliwi na chochote. Yamefungiwa ndani ya mfumo wake: kopo, masta silinda inayosukumwa na pedeli, pampu, mapaipu, na kalipa inayobana pedi kwenye diski. Kama mwezi uliopita yalikuwa kwenye mstari wa juu na leo yako chini, yamekwenda mahali. Na mahali penyewe ni pawili tu.

Pa kwanza ni nyuma ya pedi. Pedi ikilika, pistoni ya kalipa inasogea mbele kuifuata, na ile nafasi inayobaki nyuma ya pistoni inajazwa na mafuta kutoka kwenye kopo. Hapo hakuna kilichoharibika. Ukibadilisha pedi, fundi anairudisha pistoni ndani, na mafuta yanapanda tena kwenye kopo yenyewe. Sasa fikirieni aliyeongeza hadi juu kabisa wakati pedi zimekwisha. Siku ya kubadilisha pedi yanafurika, yanateremka kwenye bodi, na mafuta ya breki yanaila rangi ya gari.

Pa pili ni nje. Yanavuja.

Hapa ndipo haibridi inapoachana na gari la petroli tupu kama IST au Noah. Ukigusa breki kwenye Prius au Aqua, mara nyingi pedi hazifanyi kazi kubwa. Mota ya umeme inageuka jenereta, inalizuia gari huku inarudisha chaji kwenye betri. Pedi zinaingia kazini sawasawa gari likishakuwa polepole, karibu na kusimama, au ukikanyaga kwa nguvu. Ndiyo maana pedi za haibridi zinadumu. Kukuta zimepita kilomita laki moja si jambo la ajabu. Basi pigeni hesabu wenyewe. Kama pedi hazilikii haraka, na mafuta yanashuka haraka, yanakwenda wapi? Kwenye gari la kawaida ningekwambia angalia pedi kwanza. Kwenye haibridi, mafuta yakishuka ndani ya wiki chache, mimi natafuta uvujaji.

Kuna Prius moja ililetwa kwangu kutoka njia ya Muheza. Mwenyewe alikuwa na malalamiko ya ajabu: taa nyekundu ya breki inawaka akipanda kilima, akifika tambarare inazima. Alishazunguka kutafuta fundi umeme. Lakini ndani ya kopo kuna swichi ya kiwango. Mafuta yakiwa karibu na mstari wa chini, gari likiinama yanahamia upande mmoja, swichi inawasha taa. Gari likinyooka, taa inazima. Umeme ulikuwa mzima. Nikamuuliza kama kuna anayemwongezea. Akasema ndiyo, kijana wa pale anapooshea gari huwa anampa "kidogo" kila akiona yamepungua. Tukavua drami ya nyuma kushoto. Lile vumbi jeusi la viatu vya breki lilikuwa limegeuka tope. Nikavuta kwa kidole ile raba ya pembeni ya silinda ya tairi, mafuta yakanidondokea mkononi. Viatu vyote viwili vimelowa. Yule kijana alikuwa mwema, na wema wake ulimficha mwenye gari habari aliyokuwa akipewa na gari lake.

Sasa kupima. Nitaeleza taratibu, maana hapa ndipo watu wanarukia.

Simamisha gari mahali tambarare. Zima kabisa, taa ya READY, ile inayosema gari liko tayari kuondoka, itoke, ufunguo uuweke mbali na gari. Injini ya haibridi ikiwa READY inaweza kujiwasha yenyewe wakati mkono wako uko ndani ya boneti, na kabla haijawaka haina sauti yoyote ya kukuonya. Halafu acha gari litulie. Mnaijua ile sauti ya kuunguruma ukifungua mlango wa dereva, kabla hata hujakaa? Wengine wanadhani ni pampu ya petroli. Ile ni pampu ya breki inajaza mtungi wa presha. Kwenye magari haya, mguu wako ukikanyaga pedeli, kompyuta inasoma umekanyaga kiasi gani, inaigawia mota sehemu yake na kuzipa pedi presha kutoka kwenye ule mtungi. Sehemu ya mafuta imehifadhiwa mle. Mtungi ukiwa umejaa, kiwango kwenye kopo kiko chini kidogo. Mtungi ukiishiwa presha, mafuta yanarudi kwenye kopo, kiwango kinapanda. Kwa hiyo mtu aliyekanyagakanyaga pedeli mara nyingi gari likiwa limezimwa, akaja akapima, atadanganyika kuwa mafuta yapo mengi. Acha pampu imalize kuunguruma kwanza, usiguse pedeli, ndipo utazame.

Tazama kwa pembeni, kwa tochi, bila kufungua. Kopo linapitisha mwanga, mistari ya MIN na MAX imechorwa ubavuni. Mafuta yakiwa kati ya mistari hiyo, funga boneti uende zako. Sisemi yawe kwenye MAX. Yakiwa kati, yanatosha.

Lakini hakikisha unatazama kopo lenyewe. Boneti ya haibridi ina makopo zaidi ya ile ya gari la kawaida. Kuna la maji ya kupozea injini, na kuna jingine la kupozea inveta, kile kifaa kinachobadilisha umeme wa betri uende kwenye mota, ambalo kwenye Toyota nyingi lina maji ya rangi ya waridi. Kuna la maji ya kioo. La breki ni dogo, liko nyuma karibu na ukuta unaotenganisha boneti na chumba cha dereva, na mfuniko wake huwa na alama ya duara lenye mabano pande mbili. Ukimimina mafuta ya breki kwenye kopo la inveta, utajutia pesa yako. Na nyaya zote za rangi ya chungwa unazoziona humo, ziache zilivyo. Betri ya Prius nyingi tulizonazo ni ya volti zaidi ya 200. Kupima mafuta ya breki hakukulazimishi kugusa waya wa chungwa hata mmoja.

Tuseme sasa umepima, yako chini ya MIN. Umekagua pedi, umechungulia ndani ya rimu zote nne, umepapasa mapaipu ya mpira, umeangalia chini ya masta silinda na kapeti pale miguuni mwa dereva. Hakuna unyevu popote, na pedi zimelika. Hapo una ruhusa ya kuongeza. Futa mfuniko na shingo ya kopo kwa kitambaa safi kabla hujafungua. Chembe moja ya mchanga ikiingia itakwenda hadi kwenye vali za pampu, na kitengo kile bei yake mnaijua. Mimina polepole, ukae chini ya MAX, funga mara moja. Yakimwagika kwenye rangi, mwagia maji mengi papo hapo. Yakikuingia machoni, ni maji mengi vilevile, halafu hospitali.

Yapi? Soma mfuniko. Magari mengi haya ya Kijapani yanataka DOT 3, hilo ni daraja la mafuta ya breki. Mengine, hasa ya Ulaya, DOT 4. Kwenye gari la Japani unaweza kukuta limeandikwa BF-3, ndiyo jamii ileile ya DOT 3. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni za ukoo mmoja, zinapatana. DOT 5 isiyo na hiyo nukta moja ni ya silikoni, haichanganyiki na hizo nyingine, na haina nafasi kwenye gari lenye ABS, ule mfumo unaozuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki. Ukiikuta dukani, rangi yake ya zambarau ikukimbize.

Na oili ya steringi si mafuta ya breki. Wala ya giaboksi. Nasema kwa sababu bado naletewa. Dalili utaiona kwenye mfuniko wenyewe: ile raba ya ndani imevimba, ukijaribu kuirudisha haiingii tena mahali pake, imekuwa kubwa kuliko kopo. Basi ujue raba zote za ndani, za masta silinda, za kalipa, za pampu, nazo zimevimba vilevile. Hapo hakuna cha kusafisha. Ni kubadilisha raba na vifaa vyake mfumo mzima, na kwenye haibridi hiyo ni bei ya kununulia pikipiki.

Nunua chupa ndogo, iliyofungwa, yenye lakiri. Ile chupa ya maji ya nusu lita yenye mafuta ya breki yaliyobaki tangu mwaka juzi, iliyokaa kwenye rafu ya gereji na kizibo kimelegea, naomba mwitupe. Sababu ni hewa yetu. Mafuta haya yanavuta unyevu. Chumvi ukiiacha wazi jikoni wakati wa masika hapa Tanga, siku ya pili imelowa; mafuta ya breki yanafanya hivyohivyo, ila kwa macho huoni kitu. Yanavuta kupitia kwenye tundu la mfuniko, yanavuta hata kupitia kwenye mapaipu ya mpira. DOT 3 ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi 205 za selsiasi. Ikishanywa maji kiasi cha asilimia 3.7 tu, kiwango kinachotakiwa kinashuka hadi nyuzi 140. DOT 4 inatoka 230 hadi 155.

Mtaniuliza, breki inafika wapi nyuzi 140 kati ya Kange na Raskazone? Haifiki. Nipeleke Lushoto.

Wote mnaijua ile barabara. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Mombo iko chini yake kwa kiasi cha mita elfu moja, na katikati kuna kilomita thelathini na kitu za kona, Soni na ile miporomoko yake. Unateremka na abiria wanne na gunia la matunda. Mwanzoni raha, mota inazuia, betri inachaji, mshale unapanda. Lakini betri ya Aqua haifikii hata uniti moja ya umeme. Nishati iliyomo kwenye mteremko ule, kwa gari lenye mzigo, ni mara tatu au zaidi ya hiyo. Betri inajaa ukiwa bado juu. Ikijaa, haipokei tena, na kazi yote ya kulizuia gari inaangukia kwenye pedi ambazo hazijafanya kazi ya maana miezi na miezi, na kwenye mafuta ambayo hakuna aliyeyabadilisha tangu gari lishuke melini. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Presha haifiki kwenye tairi.

Kwenye gari la kawaida mguu ungekuambia mapema: pedeli inakuwa laini, inazama. Kwenye haibridi nyingi za Toyota ule ugumu unaousikia mguuni unatoka kwenye kifaa kinachoigiza ugumu wa pedeli. Mguu umetenganishwa na kalipa kwa vali. Pedeli inaweza kukupa moyo wakati kwenye tairi mambo si mazuri. Wahenga wetu walisema Tanga waja leo, kuondoka majaaliwa. Sawa. Lakini gari kusimama kusiwe majaaliwa.

Kwa hiyo kwenye mteremko ule tumieni B, ile iliyo kwenye gia. Inaifanya injini isaidie kulizuia gari. Tambarare haina kazi, inakupotezea chaji tu. Kutoka Soni kushuka ni lazima. Na mafuta yabadilishwe hata kama kopo limejaa na rangi inaonekana nzuri. Kule Japani, gari likishapita ukaguzi wa kwanza wa mwaka wa 3, linakaguliwa kila baada ya miaka 2, na ni desturi mafuta ya breki kubadilishwa hapohapo. Sisi tunalipokea gari lililotunzwa hivyo, halafu tunakaa nalo miaka 6 tukitazama kopo na kusema yapo. Kwa mji wa pwani kama huu, mimi nashikilia miaka 2. Kama una wasiwasi, mafundi wana kipimo kidogo mfano wa kalamu. Unachovya, kinawasha taa kulingana na maji yaliyomo. Mafuta mapya ni meupe au manjano hafifu. Ukiyakuta ya rangi ya chai ya rangi, usihangaike na kipimo.

Diski nazo mziangalie, kwa sababu hiyohiyo ya pedi kukaa bure. Gari linalolala Raskazone karibu na bahari linaamka na kutu kwenye diski. Kwenye gari la kawaida kutu ile inafutika kona ya kwanza. Kwenye haibridi inaweza kukaa, na pini za kalipa zikashika. Mara mojamoja, barabara ikiwa wazi na nyuma hakuna mtu, kanyaga breki kwa nguvu kidogo pedi zisugue.

Mafundi, hili ni lenu. Ule utaratibu wetu wa kutoa upepo, mmoja anakanyaga, mwingine anafungua nati, anapiga kelele "shikilia!", kwenye magari haya hautoshi. Presha ya mguu haifiki kwenye mapaipu yote. Kuna mapaipu yanayopata presha kutoka kwenye pampu tu, na pampu inaendeshwa kwa mashine ya kupimia kompyuta ya gari. Kama huna mashine, mwambie mteja ukweli umpeleke kwa mwenye nayo. Usiache kopo likauka katikati ya kazi, upepo ukaingia kwenye pampu. Na mkivua kalipa, ondoeni kwanza waya hasi wa betri ndogo ya volti 12 baada ya gari kuzimwa na kutulia. Nimeshasema mlango ukifunguliwa pampu inaamka. Kijana akifungua mlango kuchukua simu yake wakati kalipa inaning'inia, pistoni inaweza kuruka nje, na vidole vyako viko pale.

Kuna jambo la haraka kuhusu Prius za mwaka 2009 na 2010. Wengine mnalalamika kwamba ukikanyaga breki taratibu ukapita kwenye shimo, gari linakuwa kama limeteleza mbele kidogo. Februari 2010 Toyota iliita magari ya haibridi yapatayo 437,000 duniani, Prius zikiwemo nyingi, kurekebisha programu ya ABS kwa sababu ya jambo hilo. Kwa hiyo ukilisikia, usianze kumlaumu fundi kwamba ameacha upepo. Namba ya chesisi inaweza kutafutwa kama gari lako limo na kama lilirekebishwa.

Mzee wangu pale mbele ameniuliza kabla hatujaanza, na swali lake ni zuri: taa nyekundu imemuwakia Segera, usiku, afanyeje?

Mzee, kwanza hakikisha breki ya kuegesha haijashikilia, maana nayo inawasha taa hiyohiyo. Kama imeachiliwa na taa bado inawaka, simama pembeni. Tochi, kopo, halafu tairi zote nne kwa ndani. Ukikuta unyevu, au ikawaka pia taa ya manjano ya breki, au pedeli imebadilika tabia, usiendeshe. Hakuna unyevu, pedeli ni ileile, mafuta yamegusa tu MIN? Ongeza kidogo yavuke mstari, kama unayo chupa iliyofungwa, uende polepole hadi kwa fundi wa karibu, na umwambie kiasi ulichoongeza. Usimfiche, ile ni habari anayoihitaji. Na likibidi kuvutwa, mwambie mwenye bredauni aliinue mbele au alipakie zima. Prius na Aqua za kawaida zinaendeshwa na tairi za mbele. Zikiburuzwa zikizunguka chini, mota inazungushwa nazo na inazalisha umeme hata kama gari limezimwa.

Maswali mengine tutayajibia nje, kwenye magari yenyewe. Nimeona Aqua tatu na Prius nyeusi pale chini ya mwembe. Tutaanza na hiyo Prius. Mwenyewe afungue boneti, azime, ufunguo amwachie dada wa mapokezi, na tafadhali mtu yeyote asifungue mlango wa dereva wala kugusa pedeli mpaka tumalize kutazama kopo. Nani ana tochi?